Kasala ya Mbuzi

Kwetu mtoto hatolewi nje kimyakimya. Siku anapotoka mara ya kwanza kuonyeshwa jua na majirani, bibi yake humbeba, husimama naye mlangoni na kumpigia kasala. Humtajia kwa sauti kubwa watu aliotoka kwao, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na sifa zake, ili mtoto ajue kwamba hakuokotwa. Desturi hiyo babu zetu walitoka nayo Kasai, walipoandikwa kazi ya shaba na kuletwa hapa Likasi na masanduku yao ya mbao. Sisi tuliozaliwa huku tumepoteza mengi, lugha yetu ya Tshiluba ikiwa ya kwanza, lakini kasala tuliishika.

Tuliishika mpaka binti yangu alipozaliwa. Mama alimbeba, akasimama mlangoni, majirani wakakaa kimya. Akamtaja wa kwanza, akamtaja wa pili, akafika kwa wa tatu, akakwama. Alirudi mwanzo, kama mtu anayerudi nyuma ili auruke mtaro, akakwama palepale. Majirani wakaanza kutazama viatu vyao. Mama akanirudishia mtoto na kuingia chumbani, na kupitia mlango nikamsikia analia.

"Kaku alikuwa anajuaka yote," aliniambia baadaye, macho yamevimba. "Minye nilikuwa nasema nitamuuliza kesho."

Kaku ni bibi, na huyo alikuwa mama yake mama. Alifariki nikiwa shule ya bweni huko Mulungwishi, na tulidhani hakuna aliyekuwa amemrekodi. Ndugu wengine waliokuwa wanaijua kasala yetu waliondoka wakati Wakasai walipofukuzwa Likasi, wakalala stesheni wakingoja treni. Kaku naye alilala stesheni na watoto wake, wiki juu ya wiki, kisha asubuhi moja akasema miguu yake haijui Kasai, akajitwika sufuria akarudi nyumbani Panda, mtaa wetu hapa Likasi. Waliopanda treni walikwenda na kasala vichwani mwao, na wengi hatukuwasikia tena. Mtu mmoja alibaki nayo, naye tukamzika.

Mama hakula vizuri kwa siku kadhaa. Alimshika mjukuu wake kama mtu aliyeshika mali ya wenyewe. "Mutoto hakutoka bado," alikuwa akisema, ingawa kila siku tulimwanika mtoto uani kama kila mtu. Hilo lilinikera, kisha likaniumiza. Na nilipokuwa nimekaa dukani, maana nauza dawa katika pharmacie moja ya mjini, nikamkumbuka mbuzi.

Nieleze habari ya mbuzi. Nilipokuwa na miaka tisa hivi, mdogo wake mama wa mwisho, ambaye sote tulimwita Tonton, alipata kazi ya kuangalia cyber mjini. Kulikuwa na ordinateri chache, kompyuta zile za zamani zenye matako makubwa, na feni moja ya kuzipuliza. Wateja walipokuwa hawapo, Tonton alichora katuni. Hakuna aliyemfundisha. Alichora kwa panya ile ya ordinateri, ulimi nje, picha moja moja, na alipomaliza aliituma kwenye tovuti ya Wazungu ambako watu wasio na chuo wala studio walikuwa wanaweka katuni zao bure. Alimchora chura anayengoja umeme, courant, urudi. Alimchora jogoo wa Kapolowe aliyepanda lori la makala, makaa ya kupikia, kwenda kutafuta kazi Lubumbashi, akawekwa sokoni. Na alimchora mbuzi wa Panda aliyeamua kupanga mstari pamoja na wafanyakazi mlangoni mwa usine, kiwanda cha shaba, ili aandikwe kazi.

Yule mbuzi alikuwa na kasoro. Tonton alichezesha miguu mitatu, wa nne akausahau, ukabaki umekunjwa hewani toka mwanzo hadi mwisho. Tulipomwambia alisema ni style. Sisi watoto wa dada yake tulikuwa tunatembea kutoka Panda hadi mjini Jumamosi kuja kuziangalia, na kuangalia kwenyewe kulikuwa kungoja. Kulikuwa na kijimstari kinachojaa polepole mpaka katuni iwe tayari. Tulikitazama kile kijimstari tukiwa hatupumui. Mara nyingi kilipokaribia mwisho courant ilikatika, tukapiga kelele, Tonton akatufukuza nje, nasi tukakaa ukingoni mwa barabara kuingojea courant kama yule chura.

Siku moja Tonton alisema mbuzi wake hana heshima. Wafanyakazi wote kwenye mstari wana majina na baba zao, na mbuzi anafika mikono mitupu. Basi akamleta Kaku cyber ampigie mbuzi kasala, airekodi na kuitia kwenye katuni. Kaku alikuja amevaa kikwembe cha kwenda misa, kitambaa kichwani, bakora mkononi, na wateja wawili waliokuwepo wakainuka kumpa viti. Tonton alimwonyesha mbuzi kwenye kioo. Kaku alimtazama muda mrefu.

"Ni dume ao dike?" akauliza.

"Dume, mama."

"Alizaliwa wapi?"

"Hapa hapa Panda."

"Na babaye alikuwa wa kufanya nini? Alikulaka nini? Balimufungaka?"

Tulicheka mpaka machozi. Tonton akajibu upesiupesi, akibuni, huku akichungulia taa ya dari, akiogopa courant itamkimbia. Kaku hakucheka. Alifumba macho, akashika bakora kwa mikono miwili na kuanza. Sauti yake ilipanda, ikashuka, ikapanda tena bila kuvuta pumzi, ile sauti tuliyokuwa tunaisikia mlangoni kila mtoto alipotolewa. Sisi hatukuelewa neno. Swahili na kifaransa cha shule ndivyo vilivyokuwa vyetu. Mimi nilikuwa nimepewa kazi moja. Anayepigiwa kasala akiitwa mwishoni lazima ajibu, kwa hiyo Kaku alipomaliza, Tonton alinigusa bega nami nikalia mee. Nilijivuna mwezi mzima.

Kisha maneno yakawafikia wazee wa familia. Kwenye matanga fulani mtu alisema kwamba sauti ya Kaku inatoka kwenye ordinateri mjini ikimsifu mbuzi. Wazee wakakutana salon kwetu, wakakaa kwenye viti vyote, sisi tukasimama koridoni tukisikiliza. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameiona hiyo katuni. Wasiwasi wao ulikuwa wa kweli, nawaelewa: kasala ni wafu wetu, na mwanamke huyu amemvisha mbuzi wafu wetu na kumtuma kwa Wazungu. Kaku aliwasikiliza mpaka walipochoka. Kisha akasema maneno machache.

"Mbuzi naye iko na babaye na kaku yake."

Walichukia zaidi, wakidhani anawafanyia mchezo. Wakamtoza faini ya mbuzi. Ndiyo, mbuzi kwa kosa la mbuzi, na hakuna aliyethubutu kucheka ila sisi koridoni. Kaku alimtuma mtu akamnunulie mbuzi Kapolowe, mbuzi huyo akafungwa uani siku moja, akaliwa na walewale walioamua. Mama alikuwa upande wa wazee. Aliona aibu sana, akatukataza kwenda kuangalia katuni ile, naye mwenyewe akaapa hataiona. Na miaka yote hiyo hakuiona.

Hayo ndiyo niliyoyakumbuka nikiwa nyuma ya meza ya dawa. Wafu wetu wote, kwa utaratibu wao, wako ndani ya mbuzi wa Tonton. Kinachotakiwa ni kumpata mbuzi.

Nilimpigia Tonton. Siku hizi anauza simu Kolwezi, ana tumbo na wajukuu.

"Mutoto ya yaya, ile kintu ilishakufaka zamani," alisema, yaya kwetu akiwa dada mkubwa. "Cyber balifunga, mashini baliuzisha. Achana nayo."

"Na kule ulikotuma?"

"Sijue hata jina. Weye tafuta tu maisha."

Alicheka, lakini hakukata simu mara moja. Akaniuliza kama na mimi niliukumbuka ule mguu wa nne.

Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo wasemavyo, na waliosema hivyo hawakuwa na binti ambaye "hakutoka". Nikaanza kutafuta. Kila nilipopata mégas za intaneti zilikwenda huko, mpaka mume wangu akaniuliza kama mbuzi huyo tutamla Noeli. Niliandika maneno kwa kifaransa, nikayaandika tena kwa njia nyingine: mbuzi, mstari, usine, bibi anaimba. Nilifahamu mambo ambayo sikuyataka. Nilifahamu kwamba tovuti zile za watu wa kawaida zilifungwa moja baada ya nyingine, na kwamba hata programu iliyokuwa inazichezesha ilizimwa dunia nzima. Kuna mahali panapohifadhi kurasa za zamani, na huko, baada ya kuhangaika sana, niliupata ukurasa wa Tonton. Jina la bandia alilojipa lilikuwepo. Majina ya katuni yalikuwepo, chura, jogoo, mbuzi. Na mahali katuni yenyewe ilipotakiwa kuwa palikuwa na sanduku la kijivu, tupu.

Sijui kwa nini lile sanduku lilinipiga vile. Nilikaa mbele yake dukani, mteja ananiomba dawa ya kikohozi, nami nimekodoa macho kwenye kijivu kile kana kwamba kijimstari kitaanza kujaa. Nilimtamani Kaku. Sikumtamani kwa ajili ya kasala tu; nilitamani mikono yake yenye harufu ya samaki mkavu, nilitamani anisukume kwa bakora nimpishe njia. Nilitamani hata ukingo wa barabara ule, sisi wote tumekaa mstari mmoja, njaa imetukamata, hakuna anayetaka kurudi nyumbani. Nikamuuzia mteja dawa yake na kumwomba radhi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama. Niligundua kwamba kuna watu duniani ambao kazi yao ya ziada ni hii tu, kutafutiana katuni zilizopotea. Mmoja anaandika: nilipokuwa mdogo niliona samaki aliyevaa kofia, nani anamkumbuka? Na wengine wanatafuta, miaka, bila malipo. Nilisoma kurasa zao nikajiona niko kwa ndugu. Wote walikuwa wanatafuta katuni, na ukisoma sana unaona kila mmoja anatafuta chumba fulani, na mtu fulani aliyekuwa amekaa karibu. Nikaandika habari ya mbuzi wangu, miguu mitatu inatembea, wa nne hautembei. Nikangoja. Mvua zikaja, zikaisha, binti yangu akaota meno.

Jibu lilitoka Brazil, kwa mtu nisiyemjua hata leo, kwa kifaransa cha kutafsiriwa na mashine. Alisema anaye mbuzi wangu. Alimpakua akiwa mtoto na kumhamisha toka ordinateri moja hadi nyingine miaka yote hiyo, kwa sababu mdogo wake hakuweza kulala bila kumsikia yule mwanamke mzee. Hawakujua anasema nini wala lugha gani. Akauliza kama mzee yuko hai, na kama mguu ulikuwa na maana. Nilimjibu la kwanza, nikaambiwa pole. La pili nilimwambia ni style.

Alinitumia faili pamoja na maelezo ya kuifungua. Sikuifungua peke yangu. Jumapili, tukiwa tumerudi kanisani, niliiweka ordinateri juu ya meza ya salon na kumwita mama.

"Wapi!" akasema. "Ile kintu ya haya? Minye siangalie."

"Mama, ni Kaku. Sauti yake iko mule. Na batu yetu bote beko mule."

Alisimama mlangoni mwa jiko, taulo mkononi, mtoto mgongoni. Kisha akaja, akakaa pembeni kabisa mwa kiti, kama mgeni.

Kijimstari kilijaa, upesi safari hii. Mlango wa usine ukatokea, na bomba refu, na wafanyakazi wamepanga mstari, na mbuzi anachechemea na miguu yake mitatu. Nilikuwa nimemkumbuka mkubwa zaidi. Kisha Kaku akaanza.

Mama alishika mdomo. Sikumtazama mbuzi tena, nilimtazama mama, kwa kuwa kati yetu yeye ndiye aliyekuwa bado anaelewa Tshiluba. Nilingoja aanze kuyadaka majina. Nilikuwa nimeandaa simu ya kumrekodi akiyarudia. Lakini uso wake ulikunjamana, ukashangaa, kisha ukafanya kitu ambacho sikukitegemea, ukaanza kucheka huku machozi yanashuka. Mwishoni sauti yangu ya miaka tisa ikalia mee, na katuni, kama zilivyokuwa zote za Tonton, ikarudi mwanzo yenyewe na kuanza tena.

"Batu yetu habako mule," mama akasema. "Hata moja."

"Anasema nini basi?"

Alisikiliza tena, na safari hii alinifuatishia kwa Swahili, polepole, akipumzika kila Kaku alipopumzika. "Weye mbuzi ya Panda. Weye unatembea na miguu tatu, wa ine unaubakisha juu ya safari ya kesho. Mutoto ya ule alikula rideau ya dirisha ya bamasœurs ba kanisa, akashinda na njaa. Mujukuu ya ule alipita ku mulango ya usine bila carte ya kazi, gardien akamupigia salut. Balikufunga kamba, ukakula kamba." Hapo akasita. Kaku alikuwa akiendelea kwenye kioo, naye mama ameachwa nyuma. "Balikufukuza ku Likasi. Ukarudia ku Likasi, juu kitovu yako iko hapa mu udongo."

Mbuzi akafika mbele ya mstari, akalia, akarudi mwanzo.

Nakiri nilivunjika moyo. Miezi yote ile, mégas zote zile, na wa tatu wetu hayumo, wala wa nne, wala yeyote. Kaku alikuwa amemtungia mbuzi kasala yake mwenyewe, kwa majibu ya Tonton, neno kwa neno. Wafu wetu hakuwagusa. Walikwenda naye kaburini, kama ambavyo wangekwenda vyovyote, na sasa nilijua kwa hakika kwamba hawatarudi. Nilitaka kufunga ordinateri.

"Mbuzi naye iko na babaye na kaku yake," mama akasema. Alisema kwa sauti ya Kaku. "Alibaambia. Alibaambia mu hii salon, na minye nilikuwa hapa."

"Eyo, mama," nikakubali.

"Balimulipisha bure."

Aliinuka. Alimfungua mtoto mgongoni na kunipa nimshike, kisha akavua kikwembe alichokuwa amembebea, kipya, cha misa, akakikunjua na kuifunika ordinateri nacho taratibu, kama tunavyomfunika mabegani mtu aliyetupigia kasala vizuri. Sauti ya Kaku ikaendelea kutoka chini ya kitambaa. Mama aliiacha iendelee. Akamchukua tena mjukuu wake, akaenda kusimama mlangoni.

Hatukuwa tumemwita mtu. Barabarani alikuwepo mwanamke mmoja muuza makala, akasimama na kigunia chake kusikiliza. Mama alivuta pumzi. Hakujaribu wa kwanza, wala wa pili, wala yule wa tatu aliyemkwamisha. Alianza kwa Tshiluba, kisha, labda kwa ajili yangu, akabadilisha katikati akaja kwa Swahili yetu, sauti ikapanda, ikashuka, ikapanda.

"Weye mutoto ya Panda! Kitukuu ya mwanamuke alibeba sufuria ku kichwa, akaachia batu treni yabo! Kitukuu ya ule alilipa mbuzi juu ya mbuzi, na hakuongopa! Unasikia? Bakikufukuza, utarudia! Njo weye hapa, unatoka, jua inakuona! Weye, jibu!"

Akanyamaza, akanigeukia. Anayeitwa lazima ajibu, na mtoto asiyejua kusema hujibiwa na mama yake. Nilifungua mdomo, hakuna kilichotoka.

Ndani ya nyumba, chini ya kikwembe, katuni ilifika mwisho wake, na mtoto wa miaka tisa akalia mee.

Mama alicheka mpaka akakaa chini kizingitini, mjukuu mapajani. Muuza makala naye alicheka, bila kujua kwa nini. Ndipo nami nikapata sauti.

"Eyo," nikasema. "Tuko hapa."